Kaka ni Mhusika Mdogo

Jumanne, 15 Julai 2025

Leo nimemwona Wegesa. Sina maneno. Nitayatafuta hapa hapa.

Mazoezi ya tamthiliya yetu yalifanyika bwaloni baada ya vipindi. Inaitwa Lango la Mji, imetungwa na mwalimu mstaafu wa shule yetu, na itachezwa Jumamosi mbele ya wazazi wa kata nzima ya Turwa. Nilikwenda kwa sababu moja tu, kuchagua kiti kizuri. Mgeni rasmi anatoka Musoma, na mkuu wa shule ametangaza kwamba mwalimu atakayemchambua vizuri mhusika mkuu mbele ya mgeni huyo atapelekwa Dodoma kwenye kongamano la fasihi. Mwalimu huyo ni mimi. Bado hawajajua.

Basi akaingia Mwalimu Judith wa Baiolojia, kajifunga kanga mbili. Muda si mrefu sikumwona Judith tena. Nilimwona Wegesa, mwanamke wa kwetu kabisa, aliyeolewa ng'ambo ya mto Mara na mume anayempiga. Ng'ombe wa mahari yake ndio waliolipwa kaka yake alipooa. Ndiyo desturi yetu. Wegesa akimwacha mume, ng'ombe watadaiwa, na wakidaiwa, mke wa kaka atarudishwa kwa wazazi wake. Kwa hiyo anavumilia. Siku anaposhindwa kuvumilia, anakuja mpaka lango la mji wa kaka yake, yaani boma lake. Hagongi. Anakohoa kidogo, kama mtu mwenye adabu. Kaka yuko ndani, anasikia, hafungui. Mtoto mchanga analia humo ndani. Wegesa anakisikiliza kile kilio, anavua kanga yake ya juu, anaitundika langoni iwe ya mtoto, anageuka. Mto umefurika. Hafiki ng'ambo.

Nililia! Mimi, Simioni Nchagwa, mtu mzima, nililia mbele ya wapishi wa shule. Sikujua kama binadamu anaweza kuwa mkubwa namna ile akiwa amesimama tu mbele ya lango la miti ya mikaratusi iliyofungwa kwa kamba.

Nyumbani Regina akaniuliza nimepatwa na nini. Nikamwambia mke wangu kwamba nimekutana na tanzia. Akaniuliza kama nimekula.

Jumatano, 16 Julai

Adui amejitokeza. Ni Felix, mwalimu wa Kiingereza. Kiingereza! Ametangaza ofisini kwamba naye atamchambua Wegesa, kwa projekta, kwa picha zinazotembea. Mtu huyu Jumanne hakuwepo hata mazoezini. Alikuwa kwa kinyozi.

Nimefikiri kipindi kizima cha Kidato cha Pili, wao wakiandika insha. Nikapata mpango. Aliyekuwa acheze kaka mtu amehamishiwa Serengeti. Mkuu wa shule amesema tangu mwanzo kwamba mchezaji hachambui, kama refa asivyocheza. Nikamwendea mkuu, nikamsifia sauti ya Felix. Nikasema nzito, ya kiume, yenye mamlaka, sauti ya mtu wa kukaa nyuma ya lango. Mkuu akafurahi sana, akamwita Felix hapo hapo. Felix akaniangalia kwa jicho la pembe. Nikampa pole kwa kazi nyingi.

Nimeanza uchambuzi. Dosari ya Wegesa ni ukimya. Mwanamke yule hasemi! Anakohoa tu. Angefungua kinywa akasema jambo lake mbele ya watu, asingekufa maji. Nimeandika hivyo na mwili ukanisisimka, kwa sababu ni kweli na ni yangu.

Jioni, dada yangu Boke amefika kutoka Nyambureti. Hakupiga simu. Ana mfuko mmoja wa nailoni, na mkono wa kushoto ameufunga kwa kanga. Nikamwamkia, shikamoo dada, nikamuuliza ameanguka wapi. Akasema hakuanguka. Akasema ni Nashoni, mumewe, na kwamba si mara ya kwanza, na kwamba binti yao ameshaolewa Sirari, hivyo hakuna kinachomfunga kule tena. Anaomba kukaa kwangu. Harudi.

Nikamwambia mambo haya ni mazito na yanahitaji utulivu, tutayazungumza baada ya Jumamosi. Akaketi. Regina alishaweka maji ya kuoga.

Jambo moja la kunisumbua. Dada amepewa chumba kile kidogo, ambacho ni ofisi yangu.

Alhamisi, 17 Julai

Sijaandika hata ukurasa. Ofisi ina mgeni. Kila nikiingia kuchukua kitabu, namkuta amekaa kitandani ananiangalia kama anasubiri nianze kusema. Nami nina Wegesa kichwani! Mtu hawezi kubeba wanawake wawili wenye shida kwa wakati mmoja.

Regina anamhudumia kupita kiasi. Amemchinjia kuku. Anamfunga ule mkono asubuhi na jioni, anamwita wifi kwa sauti ya kanisani. Nilipouliza kuku yule kachinjwa kwa idhini ya nani, Regina akanikumbusha kwamba ng'ombe wa Boke ndio waliokwenda kwao Nyakunguru ili yeye aje kwangu. Ni kweli. Ni jambo la kawaida huku kwetu, kila mji unalo. Sikuona linahusianaje na kuku.

Baada ya chakula niliamua kuwasomea uchambuzi, kupima masikio. Niliwaeleza kisa chote, nikawasomea kurasa zangu za ukimya wa Wegesa. Nilisoma vizuri. Regina alishika sufuria akasahau kuiosha. Boke alisikiliza bila kupepesa macho, na nilipofika kwenye kanga inayotundikwa langoni, nikaona machozi yake. Nikajua maandishi yangu yana nguvu.

Kisha akauliza, "Na yule kaka, mbona hujamwandika?"

Nikamweleza kwa upole. Kaka ni mhusika mdogo. Ana mistari michache, tena anaisema akiwa nyuma ya miti. Kazi yake ni kumwezesha shujaa aonekane. Regina akaosha sufuria kwa kelele nyingi.

Nimepata mpango mwingine, na huu ni wa huruma kabisa. Nilitoka nje mpaka penye migomba, nikampigia Nashoni. Nikamwambia mkewe yuko salama, aje Jumamosi amchukue, mchezo ukishaisha, wayamalize kiungwana. Nikamsisitizia avae shati safi kwa sababu kuna mgeni rasmi. Akakubali haraka. Dada atarudi kwake, ng'ombe hawatadaiwa, Regina atabaki, ofisi itafunguliwa. Hakuna aliyeumia. Wakati mwingine najishangaa.

Nikamwarifu Regina wakati wa kulala. Amelala akiangalia ukuta, na mimi nikamwacha apumzike.

Ijumaa, 18 Julai

Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Felix amekuja shuleni na skafu shingoni. Hawezi kusema. Ananong'ona. Koo limefunga, ati, kwa vumbi la chaki. Mkuu wa shule akashika kichwa, akauliza ni nani mwingine anayeyajua maneno ya kaka. Na Judith, ambaye sijawahi kumkosea, akasema Mwalimu Simioni anaujua mswada mzima, amekuwa akitamba nao ofisini tangu Jumatano.

Nikasema nina kikohozi. Nikasema nina mgeni nyumbani. Nikasema umbo langu ni la shujaa, si la kaka. Mkuu akanipa mgolole, fimbo na kofia ya kaka. Felix akanong'ona kwamba, kwa kuwa sasa yuko huru, atajitahidi kuchambua, kwa projekta, hata kwa sauti ndogo.

Yule muhuni!

Lakini tulifanya mazoezi, na lazima niandike hili. Nilikuwa nyuma ya lango Judith alipokohoa. Sikuwa namwona, kuna mikaratusi na gunia. Nilisikia pumzi yake tu. Nikajua kuna mtu mkubwa amesimama upande wa pili, mtu ambaye nikifungua atabadili kila kitu. Vidole vyangu vilienda kwenye kamba vyenyewe! Mkuu akapiga kelele kwamba kaka hafungui. Nikaomba radhi. Nimebaki na mshangao ule mpaka sasa. Hii ndiyo nguvu ya sanaa. Nimeiandika kwenye uchambuzi, ukurasa wa mbele.

Nyumbani Boke alitaka tuzungumze. Alikaa mlangoni akasema, "Simioni, Jumamosi ni kesho." Nikamjibu ndiyo, na nina maneno ya kukariri.

Jumamosi, 19 Julai

Nitaandika kwa mpangilio, kama msomi.

Bwalo lilijaa. Kina mama wa Turwa walikaa mbele kwenye mikeka, wazee kwenye viti, mgeni rasmi katikati na chupa ya maji. Regina alikaa na kina mama, mtoto wetu mgongoni. Niliona wamemweka Boke katikati yao, nikafurahi kwamba wamemchangamkia. Felix alikuwa pembeni na mashine yake, sauti imeshapona kwa asilimia kubwa. Nilimsikia akiagiza soda.

Mpango wangu wa mwisho ulikuwa huu. Wegesa akishaondoka langoni, watu wakiwa bado wanalia, mimi ningechungulia juu ya lango, nivue kofia ya kaka na kuanza uchambuzi papo hapo kabla Felix hajawasha. Kurasa nilikuwa nazo ndani ya mgolole.

Judith alicheza kuliko siku zote. Mume alipompiga, kina mama walisimama. Alipoaga kuku wake mmoja mmoja kabla ya kutoka, mzee mmoja akatoka nje kujipangusa. Mimi nilikuwa nyuma ya lango, nimekaa kwenye kreti ya soda, nasikia watu wote wakivuta pumzi kwa pamoja. Sijawahi kuwa karibu hivyo na kitu kikubwa.

Nikachungulia kwenye upenyo. Nikamwona Nashoni mlangoni mwa bwalo. Shati safi, kama nilivyoagiza, ila amefika mapema. Boke naye akageuka, akamwona.

Judith akafika langoni. Akakohoa. Mimi nikasema mstari wangu, kwamba usiku ni mkubwa na mji umelala. Mtoto akalia, wa kwetu, mgongoni kwa Regina, kwa wakati ule ule uliotakiwa! Judith akashika kanga yake.

Ndipo Boke akainuka kwenye mkeka. Alipita katikati ya kina mama, nao wakamfanyia njia, akapanda jukwaani na mkono wake uliofungwa. Judith alimwangalia, akajua, sijui alijuaje, akarudi nyuma hatua moja akampisha. Boke akasimama mbele ya lango. Hakukohoa.

"Fungua, Simioni."

Jina langu! Kaka katika tamthiliya anaitwa Chacha! Nilishtuka kwa kosa lile. Lakini niandike ukweli, nilishtuka zaidi kwa sauti. Haikuwa kubwa. Ilifika mpaka kwenye ukuta wa nyuma ikarudi. Hakuna aliyesogeza mguu. Hata watoto madirishani walinyamaza. Kimya kile sijawahi kukisikia, si msibani, si kanisani. Nilimwangalia dada yangu kwenye upenyo wa mikaratusi, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba Judith, pamoja na ustadi wake wote, alikuwa akimwigiza tu Wegesa.

Akasema tena, "Nimekuambia siku tatu. Sasa nasema mbele ya watu. Yule pale ni Nashoni, na mkono huu ni kazi yake. Fungua."

Vidole vyangu vilienda kwenye kamba. Kama jana. Nikakumbuka mkuu wa shule alivyonikemea jana, kwamba kaka hafungui. Na mgeni rasmi alikuwa akiangalia! Nikashika mswada. Nikasema mstari wangu uliofuata, kwa sauti nzuri, kwamba aliyeolewa ana mji wake.

Bibi mmoja mbele akasema kwa Kikurya, taratibu, kwamba mji usiomfungulia dada ni zizi tu. Bwalo zima likaguna.

Kisha Regina akapanda. Mke wangu, na mtoto mgongoni, viatu ameviacha kwenye mkeka. Hakuniangalia. Alifungua kamba mwenyewe, akavuta lango. Lango likaniangukia. Nikawa chini ya mikaratusi, kofia imenifunika macho, na nikasikia tu. Nikasikia Regina akisema, "Wifi, pita." Nikasikia makofi ambayo hayajawahi kupigwa Tarime, na vigelegele. Nilipojitoa, walikuwa wameshapita jukwaani, wakatokea mlango wa jikoni, wameshikana mikono. Nashoni alikuwa amekalishwa kwenye benchi, bibi mmoja kila upande, wakimuuliza habari za ng'ombe wake na afya ya mama yake. Kila akitaka kuinuka walimwongezea swali.

Nikatoa kurasa zangu. Nikasimama. Felix naye akasimama, akafungua kinywa. Safari hii sauti ilikuwa imepotea kweli. Alikuwa analia. Mgeni rasmi akapangusa macho, akasema baada ya jambo lile yeye haoni kilichobaki cha kuchambua, akafunga mkutano.

Tanzia yangu imeharibika. Hakuna hata aliyekufa!

Jumapili, 20 Julai

Mwili unauma. Mikaratusi ni mizito.

Regina na Boke walilala kwa Judith, kumbe. Asubuhi wamekuja, wamekusanya nguo. Wanakwenda Nyakunguru kwa baba yake Regina. Nikamwuliza Regina ni sherehe gani. Akasimama mbele yangu, ametulia kabisa, akasema, "Ng'ombe wa wifi ndio walionileta hapa. Wakidaiwa, baba yangu atawatoa. Nikirudi kwako, nitarudi kwa miguu yangu mwenyewe, si kwa ng'ombe. Lakini kwanza uniambie nani alifunga lango."

Swali zuri. Swali la kitaaluma hasa. Nilifurahi kwamba mke wangu ameanza kuvutiwa na fasihi. Nikafikiri, nikamjibu kwa usahihi kwamba lango lilifungwa na mtunzi.

Boke akacheka, kicheko kifupi, cha kwanza tangu afike. Akaniambia, "Baki salama, mdogo wangu." Wakapanda bodaboda.

Nimesimama barabarani mpaka vumbi likatulia. Niandike ukweli, niliwaona wakubwa. Wawili wale na mtoto, mfuko wa nailoni unapepea, na mimi machozi yakanilenga kama siku ile bwaloni. Nikatamani kuwaita. Sikupata mstari wa kusema. Kwa kuwa ofisi ilikuwa wazi, niliingia kuandika.

Jumatatu, 21 Julai

Nyumba ina mwangwi. Nimekula ugali wa jana na chumvi.

Habari zimefika shuleni kabla yangu. Baba yake Regina amewapokea wote wawili, amesema ng'ombe wako malishoni, anayewadai aje na wazee wake mchana kweupe, awachukue. Akaongeza kwamba mabinti hawadaiwi. Nashoni alikwenda jana hiyo hiyo, bila wazee, akarudi upesi kuliko alivyokwenda. Ofisini hawasemi nami. Felix peke yake alinipa mkono, akaninong'oneza pole. Nadhani anataka kurasa zangu.

Hatapata! Safari ya Dodoma imeahirishwa tu, na uchambuzi sasa ni bora zaidi. Nimeurekebisha mchana kutwa. Nimethibitisha kwamba shujaa wa tanzia, mwanamke wa kumtetemesha mtu moyo langoni, hapatikani tena katika jamii yetu ya leo. Anapatikana jukwaani peke yake. Ni hasara kubwa kwa taifa. Kuhusu kaka, nimempunguzia. Katika kurasa zangu alikuwa na mstari mmoja, nimeufuta.

Jioni mtu akakohoa langoni. Nikatoka mbio nusu ya njia, moyo unadunda, nikidhani ni wao. Alikuwa Nashoni. Shati lile lile, sasa chafu. Nikamfungulia haraka. Mgeni hasimamishwi langoni.

Amekuja kuniomba nikamwombee kwa wakwe zangu. Nikamwambia mambo hayo ni mazito na yanahitaji utulivu, kwanza aketi. Nikamsomea uchambuzi wote, mpaka taa ikaanza kufifia. Alisikiliza kwa heshima, na mwisho akasema kila kitu kimekaa vizuri, hasa hapo pa kaka.

Hatimaye nimepata msomaji anayeelewa. Nimempa chumba kile kidogo.